Fulu Ana Majina Mangapi?

Masomo: Mwanzo 1:20–28, Mwanzo 2:15–20, Kumbukumbu la Torati 22:6–7



Wiki hii tunaongea juu ya samaki mdogo ambaye wengi wetu hatungemchagua sokoni hata kwa bei ya kutupa. Kupitia kwake tutauliza swali ambalo mimi naona si la wanasayansi peke yao: kiumbe ambacho hakuna mtu anayekihitaji kikipotea duniani, je, kuna mtu amekosa? Na kama yuko, amemkosea nani?

Samaki mwenyewe ni fulu. Ukitembea soko la samaki upande wetu wa Ziwa Victoria, ukaona fungu la visamaki vifupi, bapa, vyenye miba mgongoni, ukauliza ni nini, mama anayeuza atakujibu kwa neno moja tu: fulu. Ukivuka Tanzania ni furu. Ukifika kwa Waganda ni nkejje. Kila watu wana neno lao, na kila neno ni moja.

Sasa sikiliza. Wataalamu waliokaa na samaki hawa wanasema tunaowaita fulu ni aina zaidi ya 500, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote chini ya jua. Mia tano, katika ziwa moja! Yuko anayekula mwani. Yuko anayeponda konokono kwa meno yaliyo ndani kooni. Yuko anayekula vijidudu vya matopeni, yuko anayekwangua chakula chake juu ya mawe, na hata yuko mwizi anayeishi kwa kunyang'anya mayai na watoto kutoka vinywani mwa fulu wengine. Ukiwamwaga wote kwenye sinia, wewe na mimi tunaona fulu tu. Mwenye jicho anaona kijiji kizima, kila mtu na kazi yake.

Jicho hilo halikuja lenyewe. Mswidi mmoja, Carl Linnaeus, alitoa mwaka 1735 kitabu cha kupanga viumbe, na katika toleo la mwaka 1758 akawapa wanyama wote aliowajua majina mawili mawili: la kwanza ni la ukoo, la pili ni la aina yenyewe. Ni kama rejista ya shule, ambapo jina la nyumbani linatangulia. Aina zinazofanana kwa ndani zinawekwa ukoo mmoja, koo zinakusanywa katika familia, na kuendelea juu mpaka ufike kundi kuu la wanyama wote. Mpaka leo wanasayansi duniani wanatumia mpango huo, ingawa mengi yamerekebishwa.

Na mpango huo hauangalii jikoni. Jikoni omena na fulu ni ndugu, maana wote ni wadogo, wote huanikwa juani, wote ni chakula cha mwisho wa mwezi. Kwenye rejista ya viumbe fulu ni wa familia moja na ngege, yule samaki wa heshima, na omena yuko mbali nao kabisa. Ukitaka kumjua fulu huyu na yule, unamfungua kinywa uhesabu meno yake, uangalie umbo la taya na rangi ya dume. P. H. Greenwood, mtaalamu wa samaki wa jumba la makumbusho la London, alitumia miaka mingi kwa kazi hiyo ya meno. Mtu anaweza kucheka. Mimi sicheki.

Hapa niseme neno kidogo kuhusu Walawi 11, kwa sababu vijana huniuliza. Kule popo amewekwa pamoja na ndege, na samaki wanagawanywa kwa mapezi na magamba. Ndiyo maana wako ndugu zetu wasiomla mumi mpaka leo, hana magamba. Je, hiyo inapigana na daftari la wanasayansi? Haipigani. Kupanga vitu kunategemea unapanga kwa ajili ya nini. Walawi inapanga kwa ajili ya meza ya Mwisraeli, na yule mama sokoni anapanga kwa ajili ya sufuria. Taabu inaanza pale mtu anapochukua mpango wa sufuria akaufanya ndio ukweli wote kuhusu kiumbe. Hapo ndipo hadithi yetu ya fulu ilipoharibikia.

Tukumbuke kwanza Adamu. Katika Mwanzo 2 amewekwa bustanini ailime na aitunze, kisha Mungu anamletea wanyama na ndege aone atawaitaje. Hiyo kazi ya majina anapewa hata kabla hajapata mke! Na angalia, haambiwi awapange kwa ladha au kwa bei. Analetewa mmoja mmoja. Huwezi kumpa kiumbe jina lake bila kumwangalia, na huwezi kumwangalia ukiwa umeshaamua hana maana. Samaki hawatajwi katika orodha ile ya Adamu, hilo ni kweli. Lakini kurudi nyuma kidogo, Mwanzo 1:22, samaki wanabarikiwa waongezeke na kuyajaza maji, siku moja kabla ya mtu kuumbwa. Sisi tunapenda sana mstari wa 28, ule wa kutawala, tunauhubiri kwa sauti. Mstari wa 22 tunaupita kama matatu inavyopita stage isiyo na abiria. Lakini baraka yetu haikuja kuifuta ile ya kwanza. Ziwa limebeba baraka mbili.

Haya, turudi ziwani.

Wakati wa ukoloni maafisa wa uvuvi waliliangalia ziwa wakaona limejaa visamaki vya miba visivyo na soko. Kwao hao walikuwa kama takataka. Wazo likaja: tulete samaki mkubwa awale hawa wadogo, ili takataka igeuke nyama. Samaki huyo ni mbuta. Alitolewa Ziwa Albert akatiwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaongezwa tena, upande wetu pia. Hawakukosa onyo. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika akitahadharisha kwamba mla wenzake mkubwa hivi, akiwekwa mahali ambapo samaki hawajazoea adui wa namna yake, ataleta hasara isiyorudishika.

Miaka ishirini ilipita kimya. Kisha, kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 na kuendelea katika miaka ya 1980, mbuta akafumuka. Utafiti wa nyavu za kukokota uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulikuta kwamba takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa ni fulu. Baada ya mbuta kushika ziwa, nyavu za namna hiyo zilikuwa zinaleta mbuta, na fulu unahesabu kwa vidole. Wataalamu wanakadiria kwamba aina zipatazo 200 zilipotea. Kulikuwa na timu ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, iliyokuwa ikiwachunguza fulu katika Ghuba ya Mwanza miaka hiyo hiyo. Walikuwa wanapata aina mpya haraka kuliko walivyoweza kuziandika, wakawa wanazipa majina ya utani ili wasizichanganye. Nyingine zilitoweka zikiwa bado na jina hilo la utani tu. Na mbuta? Mbuta alishapewa jina lake la kisayansi na Linnaeus mwenyewe, katika kitabu kile cha mwaka 1758.

Na sokoni hakuna aliyetangaza msiba. Nadhani hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Aina mia mbili zinapotea, lakini neno fulu linabaki, kwa sababu bado wako fulu wachache kwenye fungu. Jina moja kwa watu mia tano lina ubaya huo: wakifa mia mbili, jina haliitiki pengo.

Sasa tusiwe wanafiki. Mbuta amesomesha watoto. Amejenga nyumba za mabati na za mawe kuanzia Muhuru mpaka Port Victoria, amefungua viwanda Kisumu, ameleta pesa za kigeni. Pengine sadaka zilizosimamisha makanisa kadhaa kule zimetoka mgongoni mwake. Mtu akiniambia, "Mchungaji, wewe unalilia visamaki vya miba na mtoto wangu alikuwa na njaa," siwezi kumjibu kwa maneno matamu. Mtoto ni wa thamani kuliko fulu. Bwana Yesu mwenyewe alisema tunazidi thamani ya shomoro wengi. Lakini hakusema shomoro hana thamani. Alisema hata mmoja hasahauliki mbele za Mungu.

Tena hesabu ya mbuta lazima isomwe mpaka chini. Fulu ulimwanika juani, basi. Mbuta ana mafuta mengi, jua halimkaushi vizuri. Anataka kukaangwa au moshi, na moshi unataka kuni, na kuni ni miti ya vilima vilivyo karibu. Akina mama waliokuwa wakinunua samaki wadogo ufuoni kwa pesa kidogo hawakuweza kushindana na malori ya viwanda. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na huku Obunga, Kisumu, ukabaki mgongo wazi: kichwa, mifupa, na nyama iliyosalia katikati ya mifupa. Watu wakaukaanga, wakaula, wakamshukuru Mungu. Lakini usiniambie takataka iligeuka nyama kwa kila mtu.

Na zile kazi za kijijini zilibaki bila mwenyewe. Waliokuwa wakila mwani hawapo, waliokuwa wakisafisha matope chini hawapo, waliokuwa wakila konokono wamepungua, na konokono wengine ndio wanaobeba kichocho. Siwezi kusema kila ubaya wa ziwa umetoka hapo, maana mbolea, maji machafu ya miji na udongo wa mashamba vina sehemu yao kubwa. Ila nyumba iliyofukuza wafanyakazi wake isishangae vyombo visipooshwa. Wingi wa aina za viumbe, ambao wasomi wanauita bioanuwai, si pambo la kupendeza watalii. Ni kazi zilizogawanywa.

Labda unasoma haya ukiwa Kericho au Nandi na unasema, afadhali mimi sijawahi kumgusa mbuta wala fulu. Ngoja kidogo.

Wako fulu wawili wanaoishi penye mawe, ndugu wa karibu sana. Mmoja dume wake ni mwekundu, anaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Wa pili dume wake ana rangi ya bluu na mistari, anaitwa Pundamilia pundamilia. Ndiyo, hilo ni neno letu, punda milia, limeingia kwenye daftari la wanasayansi wa dunia nzima! Majike wa aina hizi mbili wanafanana mno. Kinachozitenga ni kwamba jike wa mwekundu anamfuata mwekundu, na jike wa bluu anamfuata wa bluu. Ole Seehausen na wenzake walionyesha, katika utafiti uliotolewa mwaka 1997, kwamba maji yakiwa meupe aina zinabaki aina, na maji yakichafuka rangi hazionekani, majike wanachanganya, na baada ya muda unabaki na samaki wa rangi ya vumbi asiye huyu wala yule. Walipowaweka samaki hao chini ya taa isiyoonyesha tofauti ya rangi, majike wakashindwa kuchagua.

Hapo hakuna aliyevua, hakuna aliyeua. Ni maji tu yamechafuka. Na uchafu mwingine unatoka kwetu. Angalia Mto Nyando ukifurika mwezi wa Aprili, ni rangi ya chai ya maziwa. Nzoia vilevile. Ule ni udongo wa shamba la mtu lisilo na matuta, lililolimwa mpaka ukingoni mwa mto. Anayelima hivyo hajui kwamba kuna jike wa samaki kule chini anayetafuta mume wake gizani. Je, amekosa? Kwa kutokujua, simhukumu. Wewe sasa umejua.

Kuna jibu moja ambalo sisi watu wa kiroho tunalipenda, na lazima niliguse. Tunasema, "Yesu anarudi karibuni, hii dunia itapita, ya nini kuhangaika na samaki?" Basi niambie kuhusu Nuhu. Yule ndiye aliyekuwa na habari ya hakika kabisa kwamba dunia yake inaisha, tarehe ilikuwa inakaribia, na kazi aliyopewa ilikuwa ni kuhakikisha kila aina inavuka. (Samaki hawakuhitaji safina, bila shaka.) Aliambiwa awaingize hata wasio safi. Kunguru ni najisi kwa hesabu ya Walawi, haliwi, hatolewi dhabihu, kazi yake ni kuiba. Akapewa nafasi ndani kama wengine. Vizazi vingi baadaye, Eliya amejificha kando ya kijito cha Kerithi, mfalme anamtafuta, anayemletea mkate na nyama asubuhi na jioni ni nani? Kunguru. Nuhu alipomfungulia mlango hakujua habari za Eliya.

Lakini sitaki kuweka uzito wote hapo, kana kwamba fulu anastahili kuishi kwa sababu siku moja atatufaa. Wengine hawatatufaa kamwe. Nikiulizwa amekosewa nani, jibu langu ni kwamba amekosewa Aliyewabariki, na wamekosewa wao waliobarikiwa. Na kosa lenyewe si kula samaki wala kutafuta riziki. Kosa ni kuamua juu ya maisha ya viumbe mia tano kabla ya kuuliza ni akina nani.

Kumbukumbu la Torati 22 ina sheria ndogo ambayo sijasikia ikihubiriwa mara nyingi. Ukikuta kiota njiani, mama amelalia mayai au makinda, unaweza kuchukua makinda, lakini mama umwache aende. Ahadi iliyofungwa na sheria hiyo ni heri na siku nyingi, ahadi ile ile ya kuwaheshimu baba na mama! Mungu hakukataza kula. Alikataza kula pamoja na chemchemi ya chakula.

Fulu wa ziwa letu analea watoto kinywani. Jike anataga mayai machache, ya kuhesabu kwa makumi, anayabeba mdomoni mpaka yaanguliwe, na hata baada ya hapo watoto wakiona hatari wanakimbilia ndani ya kinywa cha mama. Mbuta anataga kwa mamilioni na kuyaacha majini. Kwa hiyo mbuta alipomla jike wa fulu, au wavu wa matundu madogo ulipomzoa wakati wa kulea, walikwenda mama na watoto kwa pigo moja, kiota kizima. Wapendwa wavuvi, ninyi mnajua ukubwa wa matundu unaoruhusiwa na mnajua kwenye mafunjo ndiko samaki wanakozalia. Maafisa wa BMU hawawezi kukesha kila ufuo. Mungu anaona wavu uliofichwa chini ya mtumbwi.

Habari si mbaya yote. Mbuta alipovuliwa mno katika miaka ya 1990, baadhi ya fulu walianza kurudi. Mmoja ni Haplochromis pyrrhocephalus, maana ya jina lake ni kichwa cha moto. Alikuwa karibu kumalizika katika Ghuba ya Mwanza, akarudi akiwa na matamvua makubwa kuliko ya wazee wake, kwa sababu maji aliyorudi kuishi ndani yake yana hewa kidogo. Wengine wengi hawakurudi.

Na upande wetu liko Ziwa Kanyaboli, kaunti ya Siaya, limetengwa na ziwa kuu kwa mafunjo ya kinamasi cha Yala. Mbuta hakulishika. Ngege wa asili, ambaye katika ziwa kuu ni kama amekwisha, bado anaishi humo, na fulu pia wamo. Watu wa pale wanavua kwa mitumbwi midogo na kula. Sehemu ya kinamasi hicho ilishakaushwa ili ilimwe, na mipango ya kukausha zaidi huja na kwenda, ikiwa na ahadi za kazi ambazo vijana wetu kweli wanazihitaji. Mkutano wa wananchi ukiitwa tena kule kuhusu mafunjo hayo, washirika wetu wa Siaya watakuwa wamekaa humo ndani, na watainua mikono kama wengine. Kabla hawajainua, waombe kwanza wasomewe orodha ya samaki waliomo, jina kwa jina.